Mwaka Niliokuwa Binti wa Namba 114

Juma lililopita tulimzika Maman Odile, na baada ya mazishi tukakusanyika kwenye ukumbi wa parokia kule Berchem-Sainte-Agathe, hapa Brussels, ukumbi uleule, wenye harufu ileile ya nta ya sakafu na sombe ya majani ya muhogo. Sikuwa nimetia mguu pale tangu niolewe. Nilikuwa bado nafunga mwavuli mlangoni nilipomsikia Chantal, ambaye siku hizi ana mwili wa heshima na sauti ya kusimamisha magari, akiniita kutoka upande wa pili: "Cent quatorze, kuya ukae hapa." Watu kama mia moja wakageuka. Mume wangu aliyekuwa nyuma yangu na sahani ya keki akauliza hiyo mia na kumi na nne ni nini, nikamwambia nitamweleza garini. Kutoka Berchem mpaka kwetu Jette ni dakika kumi kama taa za barabarani zinakupenda. Tulipofika mlangoni nilikuwa bado niko kwenye utangulizi, naye alikuwa amezima gari na amefungua mkanda, ananisikiliza kama mtu anayengoja matokeo ya mtihani. Basi nimeamua kuandika. Diploma yangu niliipata shule ya jioni, miaka saba, nikitoka kazini hospitalini na miguu imevimba kama mikate, nikisinzia juu ya daftari mpaka wino ukanichapa shavuni na mwalimu akanisahihisha usoni. Nisipoitumia kwa jambo hili, nitaitumia kwa lipi?

Habari za ukoo wangu nitaziruka; zina watu wengi mno na wote wamenuniana. Inatosha kujua kwamba nilikuwa na miaka kumi na mmoja, nikikaa na Mama Mdogo Vumilia, mdogo wa mama yangu, kwenye vyumba viwili karibu na Gare du Midi, ambako kila treni ilipopita vijiko vilisalimiana kabatini. Shuleni nilikuwa msichana wa karibu na radiator ya kupashia joto, yule ambaye mwalimu humhesabu mwishoni kwa sababu hakumwona. Nilikuwa nimekaa Brussels miaka miwili na Kifaransa changu kilikuwa kinatosha kuomba ruhusa ya kwenda msalani na kushukuru nikirudi. Kwa hiyo Mama Mdogo aliponiambia kwamba kuanzia mwezi wa kumi nitakwenda klabu ya wasichana kila Jumamosi, nilifikiri ni adhabu.

Klabu hiyo ilikuwa ya chama cha akina maman waliosoma lycée moja ya masista, shule ya bweni huko Bukavu. Walikuwa kumi na wawili, wanaitana dada, wanapendana na kugombana kwa kiasi kilekile. Saa nane ya Jumamosi walitukusanya sisi wasichana wa miaka kumi hadi kumi na miwili, "mbele ya kuharibika," kama alivyosema Maman Georgette, présidente wao. Maman Georgette, kama kumbukumbu yangu ni nzuri, alikuwa na urefu wa mita tatu, na visigino vyake ulivisikia kutoka kituo cha tramu. Alitufundisha kutandika kitanda kwa kona za Lycée, na kwa kuwa ukumbini hapakuwa na kitanda, tulitandika meza za kulia, tukazichomekea mashuka pembeni mpaka ukaogopa kuziamsha. Alitufundisha kusimama mbele ya watu na kusema bila kushika nywele. Maman mwingine alitufundisha hesabu za sehemu kwa kukata karoti, tukazila baada ya somo, na mpaka leo nikiona robo tatu popote nasikia njaa. Zaidi ya yote, pale jina langu liliitwa. Noëlla, njoo usome. Noëlla, unaonaje? Hakuna aliyekuwa ameniuliza naonaje tangu nishuke kwenye ndege.

Kati ya ukumbi na jiko kulikuwa na kidirisha cha kupitishia sahani, na sisi wasichana tulikuwa na zamu ya kufuta sahani chini yake. Chuo kikuu changu cha kwanza kilikuwa pale. Akina maman walipika na kusema, wakidhani mlango wa mbao wenye unene wa biskuti unaziba masikio ya mtoto. "Bwana yangu anasema atapika siku Ubelgiji itapata mulima," alisema mmoja. "Basi umukalishe njaa mupaka mulima ikuje," akajibu mwingine. Tulijifunza hapo jinsi mtoto anavyopatikana, ubaya wa wakwe, na kiasi sahihi cha pilipili, yote katika Jumamosi moja. Chantal, ambaye alikuwa na miaka kumi na mmoja kama mimi lakini alishajua kila kitu tangu tumboni, alinong'ona kwamba mama yake ndiye aliyekuwa wa kwanza darasani Lycée, miaka yote, masista walilia alipoondoka.

Sasa, ile namba. Kule Lycée kila mwanafunzi alipewa namba siku aliyofika, ikashonwa kwa uzi mwekundu kwenye kila kitu chake, shuka, taulo, shimizi, hadi soksi, ili chumba cha kufulia kisichanganye nguo za wasichana mia tatu. Akina maman wale walikuwa wamesahau Kilatini chote na nusu ya majina ya walimu, lakini namba hakuna aliyeisahau. Walisainia kadi za Noeli kwa namba. Maman akitaka kujiunga na chama, alisimama ukumbini akataja namba yake, wenzake wakapiga makofi, na binti yake akashonewa namba hiyohiyo kwenye kola ya blauzi nyeupe ya klabu. Binti wa mtu ambaye hakusoma Lycée hakuingia. Si kwa ubaya, alisema Maman Georgette, ila ukumbi ni mdogo. Chantal alikuwa septante-deux, sabini na mbili. Mimi, siku ya kwanza, nilimwona Mama Mdogo akisimama katika koti lake la kazi ya usafi, mikono imeshika mkoba kama usukani, akasema, "Vumilia. Cent quatorze. Nilikaaka tu myaka mbili." Wakapiga makofi. Nilijivuna mpaka shingo ikarefuka. Sikujua kwamba mama yangu mdogo alikuwa msomi.

Ilikuwa baada ya Pasaka ndipo Maman Georgette aliposimama na barua. Mwezi wa sita, Jumapili ya kufunga mwaka, wasichana wa rika letu tungefungwa kitenge cha chama mbele ya watu, na kila mmoja angepewa maman wa kumfuatilia masomo mpaka amalize sekondari. Nilikuwa nimeshaota sherehe hiyo mara elfu moja. "Na tutakuwa na mugeni," alisema Maman Georgette. "Dada Odile, wa kutoka Lyon, mulilalaka naye chumba moja, mu dortoir ya madirisha. Anakuya na treni." Mama Mdogo alikuwa anatoka jikoni na sinia la sambaza wa kukaanga. Aliliweka juu ya meza ambayo haikuwepo. Samaki wote, elfu nne hivi, wakatawanyika chini ya viti. "Vumilia," alisema Maman Georgette, "samaki walisha kufa, unawatuma wapi?" Watu wakacheka, mimi pia, nikapiga magoti kuokota. Mama Mdogo hakucheka.

Nyumbani alivua viatu, akaketi jikoni bila kuwasha taa ingawa mvua ilikuwa imetia giza dirishani. "Noëlla, kaa." Nikakaa. "Ile cent quatorze haiko ya miye. Iko ya Odile."

"Na yako ni ngapi?"

"Miye sikukuwa na numéro. Nilikuwa nafua."

Alinieleza taratibu, kama mtu anayemwaga maji ya moto. Aliingia Lycée kwa mlango wa nyuma akiwa na miaka kumi na minne, kufua nguo za wasichana wa umri wake, na alikaa miaka sita. Aliwajua wote kwa mashuka yao. Wao hawakumjua, nani anautazama uso wa mfuaji? Aliposikia Brussels kuna klabu ya mabinti wa Lycée, wanafundisha hesabu na Kifaransa bure, akanitazama mimi karibu na radiator yangu, akaenda akasimama. "Sasa mbona ulichukua ya mwenzio?" nikamuuliza. "Zilikuwa mia tatu. Ungesema yoyote." Akasema hiyo ndiyo iliyomjia mdomoni. Nikauliza kwa nini hiyo. Akafungua bomba, akaanza kuosha sufuria iliyokuwa safi. "Kula," akasema, na hapakuwa na chakula mezani.

Leo, nikiwa na umri mkubwa kuliko aliokuwa nao yeye jioni ile, naona alikuwa msichana tu, miaka thelathini na kitu, hana mtu wa kumuuliza afanye nini. Wakati ule nilimwona kama mlima ulioanza kuporomoka juu yangu. Kila Jumamosi nilivaa blauzi yangu na kola iliniwasha kama imeshonwa kwa upupu. Nilifikiri watanivua ukumbini, mbele ya Chantal, na kunirudisha shuleni kwenye nafasi yangu karibu na radiator. Na Mama Mdogo, aliyekuwa na marafiki kwa mara ya kwanza katika mji huu, atakuwa anavuka barabara akiwaona. Nilikonda kilo ishirini, na sikuwa nazo. Nilisali treni za Ufaransa zigome. Kwa kawaida hazihitaji maombi ya mtu, lakini mwezi ule zilitembea kama saa. Nilimsihi Mama Mdogo tuugue siku hiyo, sote wawili, ugonjwa wa heshima kama homa ya manjano. Akasema tukikosa wataulizana, na wakiulizana Odile atajibu.

Na kana kwamba haitoshi, Maman Georgette aliamua kwamba kwa kuwa sisi tulikaa hatua mbili kutoka Gare du Midi, ni sisi tutakaokwenda naye kumpokea mgeni, mimi nikiwa na maua. Jumapili ile soko lilikuwa limejaa mpaka chini ya reli, watu na mikokoteni na moshi wa kuku wa kuchoma, jua linapiga kama limekosea nchi. Mimi nilikuwa nimevaa koti la baridi, zipu imefungwa mpaka kidevuni. Maman Georgette alinitazama pale chini ya ubao wa saa za treni. "Mutoto, unataka kuiva? Vua ile." Nikasema nasikia baridi. Jasho lilikuwa linadondoka kwenye maua. Akanivua mwenyewe, akalikunja koti mkononi, na wakati huohuo abiria wa Lyon wakaanza kushuka ngazi.

Maman Odile alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani mikubwa, anavuta sanduku lenye gurudumu moja bovu. Maman Georgette akamkumbatia, kisha akaanza kupigana na sanduku. Nikanyoosha maua. Mgeni akainama kunibusu, na nikaona macho yake yanasimama kwenye kola yangu. Akasoma. Akasoma tena. Halafu akainua kichwa polepole, akamwona Mama Mdogo aliyekuwa amesimama nyuma yangu.

"Vumi," akasema.

"Odile."

"Mutoto yako?"

"Ndiyo, njo wangu."

Nilingoja radi. Maman Georgette akasema sanduku hili limetengenezwa na shetani, twendeni.

Garini nilikaa katikati yao nyuma, mbele Maman Georgette akiendesha na kuwasema madereva wote wa Ubelgiji mmoja mmoja. Tulikuwa tumevuka mfereji niliposikia Maman Odile akinong'ona juu ya kichwa changu. "Uliambia muntu?"

"Hata mumoja."

"Hata huyu?"

"Hata huyu."

Nilimtazama kwa pembe ya jicho. Alikuwa anafuta viganja vyake kwenye sketi. Mimi nilikuwa nimeogopa tangu Pasaka, najua sura ya woga kuliko sura yangu, na mwanamke yule alikuwa anaogopa. Sikuelewa hata kidogo. Mwenye namba ni yeye, sasa anaogopa nini?

Ukumbini meza ilikuwa imepangwa: bugali, wali, sombe, kuku, samaki mzima mwenye macho ya kutushangaa, na bakuli la frites, yaani chipsi, kwa sababu tuko Ubelgiji. Lakini kabla ya kula kulikuwa na desturi. Kila maman alisimama nyuma ya binti yake na kutaja namba, ndipo msichana afungwe kitenge. Maman Georgette alianza, trente-sept, thelathini na saba, kwa sauti ya kanisa. Mama wa Chantal akafuata, septante-deux, kifua mbele. Wakaendelea mpaka zamu ikafika kwetu. Mikono ya Mama Mdogo ilikuwa mabegani mwangu na niliisikia imelowa kupitia blauzi.

"Vumilia," akasema. "Sina numéro."

Maman Georgette alidhani amepitiwa. "Cent quatorze, dada. Umechoka na jua."

"Sijachoka. Sikusomaka pale. Nilikuwa wa kufua, myaka sita. Mutoto huyu nilimuingiza na uongo. Uongo iko ya miye, haiko ya yeye."

Nilisikia sombe ikipoa. Maman Georgette akaweka kitenge mezani. "Siye tulikuwa bantu mia tatu," akasema. "Ile numéro uliokota wapi?"

Nilingoja ajibu. Jibu lolote lingekuwa bora kuliko kusimama vile. Lakini Mama Mdogo alininyoosha kola kwa vidole viwili.

"Siwezi kusema."

"Huwezi ao hutaki?"

"Siwezi."

Kiti kikakwaruza sakafu. Maman Odile alikuwa amesimama mwisho wa meza, amevua miwani, na bila miwani uso wake ulikuwa wa mtoto. "Cent quatorze njo miye," akasema. "Na nilikuwa kikojozi."

Kijiko cha mtu kikaanguka.

"Myaka ine. Kila asubui, mbele ya kengele, nilikuwa napeleka shuka ku mulango ya nyuma, nimeificha mu nguo. Huyu alikuwa ananingoja na ingine ya kukauka. Hakunichekaka. Masista hawakujua, dortoir haikujua, bwana yangu alikufa hakujua. Numéro yangu alifua mara mingi kupita numéro zote za Lycée. Sasa munamuuliza juu ya nini alikuwa nayo mu kinywa." Akavaa miwani. "Leo mu gari nilikuwa natetemeka, nasema atanitoa mbele ya bote. Na yeye anakubali kufukuzwa kuliko kunitaja."

Kisha Maman Georgette akavuta pumzi iliyoondoa hewa yote ukumbini. "Vumilia," akasema, "toka mwezi wa kumi miye najiuliza: muntu wa Lycée anapiga pasi kola vile, alijifunzia wapi? Siye tulikuwa tunaunguza." Mtu mmoja alicheka kwa pua. Mwingine akaziba mdomo. Na hapo mama wa Chantal, yule wa kwanza darasani, yule aliyeliliwa na masista, akasema kwa sauti ndogo: "Bon. Kama ni siku ya kusema, miye walinifukuza trimestre ya kwanza, muhula moja haikuisha."

"Maman?" alisema Chantal.

"Nyamaza, weye."

Sijawahi kusikia kicheko kama kile, na nimefanya kazi miaka mingi zamu moja na wauguzi. Akina maman walishikilia meza. Mmoja alikaa chini sakafuni na kitenge chake cha sherehe. Mama Mdogo hakucheka, alilia, lakini mdomo ulikuwa wazi kama wa wengine na ukiwa mbali usingejua tofauti. Mimi nikaketi kwenye kiti kisicho changu.

"Donc," Maman Georgette alisema alipoweza, akipangusa macho. "Mutoto abakie, ao atoke?" Hakuwa ananitania; sheria ilikuwa sheria, na alimtazama Odile. Maman Odile akasema hana mtoto, na kama kuna msichana aliyetembeza namba yake Brussels mwaka mzima bila kukojoa, yeye hana malalamiko. Wakanisimamisha. Kitenge walinifunga wawili, yeye na Mama Mdogo, kila mmoja anavuta upande wake kwa nguvu, mpaka nikapumua kwa pafu moja hadi jioni. Mwaka uliofuata klabu iliandikisha msichana yeyote aliyekuja, na ukumbi, ajabu, ulitosha.

Maman Odile alihamia Brussels baadaye, akanifuatilia sekondari kama askari. Yeye na Mama Mdogo waligombana miaka yote juu ya namna ya kukunja shuka, na juma lililopita Mama Mdogo alisimama kaburini akamwambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba bado alikuwa anakosea. Watu walimkaripia. Mimi nilielewa.

Jioni ile ya karamu tulirudi kwa tramu, jua bado liko juu ya paa kama kawaida ya mwezi wa sita, sahani tatu za mabaki magotini. Kabla hatujaacha Berchem kichwa cha Mama Mdogo kilikuwa kimeanguka begani mwangu. Alilala mdomo wazi, anakoroma mbele ya watu wa heshima, yeye ambaye miezi ile yote nilikuwa nikimsikia ukutani akigeuka na kugeuka. Gare du Midi ikaja. Nilitazama mlango ukifunguka, nikautazama ukifungwa, nikakaa kimya. Tulikwenda mpaka Drogenbos, mwisho wa reli, ambako dereva alikuja kutuambia tushuke. Nikamgusa.

"Tumefika wapi?" akauliza.

"Mwisho wa tramu. Tumepita nyumbani."

Akachungulia dirishani, akaona uwanja mtupu na mti mmoja. Akanitazama. Nilidhani atanigombeza.

"Bon," akasema. "Turudie basi." Na kabla dereva hajafika upande wa pili kugeuza, alikuwa amelala tena.